Jinsi ya kuchuja kampani yako bila kuwa yule mlokole anayekwepa watu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimeona niandike hii maana tukihubiriwa habari za marafiki tunaambiwa kitu kimoja tu, achana na watu wa dunia, basi mtu anarudi nyumbani anafuta namba za masela, anamkwepa binamu yake anayekunywa bia, alafu jioni yupo zake kwenye grupu la WhatsApp la wapendwa anacheka vitu ambavyo huyo binamu mwenyewe angeona aibu. Mimi nilifanya hivyo hivyo nilipookoka na nilijiona nimetakasika kweli kweli.

Kabla hujamkata mtu yeyote fungua 1 Wakorintho 5 mstari wa 9 mpaka 11, usome taratibu. Paulo aliwaandikia wasichangamane na wazinzi, alafu akaona wamemwelewa vibaya, akawaambia sikumaanisha wazinzi wa dunia hii, maana hapo ingewabidi mtoke duniani kabisa. Aliyewakataza hata kula naye ni mtu "aitwaye ndugu" huku anaishi hivyo. Na kwenye ile orodha hayupo mzinzi na mlevi tu, yupo na mtukanaji, yupo na mwenye kutamani. Yani Paulo ameanza kuchuja na watu wa ndani, sisi tunaanza na jirani.

Na ukiangalia maisha ya kawaida ni kweli. Ukikaa na mtu unayejua hajaokoka unakuwa macho, na yeye mwenyewe anakuchunga, chupa anaweka pembeni anakuagizia soda. Ila ukiwa na wapendwa unashusha ulinzi. Sisi tulikuwa na kagrupu ketu baada ya mazoezi ya kwaya, watu sita hivi, kalianza kwa maombi tena kwa kufunga kabisa, sasa ikaanza "tumuombee dada fulani, mmesikia yaliyompata?" na kabla hujalifikisha hilo ombi kwa Mungu ubuyu umeshamwagwa wote mezani, tunamaliza saa nne usiku hatujaomba hata dakika moja. Miezi ilipita nikawa namuona mchungaji wangu madhabahuni nasikia tu yale tuliyomsema. Hakuna mtu wa dunia aliyenifanyia hivyo, ni sisi kwa sisi na vitenge vya sare.

Kwa iyo jipime kwanza, chukua wiki moja tu usimwambie mtu. Kila ukiachana na mtu au ukifunga grupu angalia saa moja inayofuata unafanya nini. Kuna watu ukitoka kwao unajikuta unataka kuomba hata kama mliongea mpira tupu, na kuna watu ukitoka kwao unaanza kumchunguza mumeo au unaona mshahara wako takataka. Angalia pia ni chati ya nani unaifuta mwenzako akiomba simu apige mara moja. Hiyo haihitaji nabii.

Alafu pima umefika wapi na kila mmoja. Zaburi 1 mstari wa kwanza ina ngazi tatu, kwenda, kusimama, alafu kuketi "barazani pa wenye mizaha". Hilo neno baraza nalipenda sana maana sote tunajua baraza ni nini, ukishaketi barazani kikombe cha kahawa kimeshakuja mkononi na stori hazijaisha huwezi kuondoka. Mtu unayepita naye njiani tu hana shida, msalimie. Unayesimama naye angalia mnasimama mkiongea nini. Ila pale ulipoketi, pale ambapo dhambi imeshakuwa utani na wewe unachangia utani wako, hapo inuka.

Sasa kuna wale wa "mimi nakaa nao ili niwavute kwa Yesu, hata Yesu alikula na watoza ushuru". Sawa kabisa, lakini Yesu alipoingia kwa Zakayo, Zakayo ndiye aliyebadilika, akatoa nusu ya mali kwa maskini na aliyemdhulumu akamrudishia mara nne. Jiulize kwenye kampani yako miezi sita hii nani kabadilika, wao wamepunguza au wewe ndo umejifunza kuweka mikeka ya kubeti? Kwenye Hagai sura ya 2 makuhani waliulizwa, nguo iliyobeba nyama takatifu ikigusa mkate, mkate unakuwa mtakatifu? Wakasema hapana. Na aliyenajisika kwa maiti akigusa chakula hicho, kinanajisika? Wakasema ndiyo. Uchafu unaambukiza wenyewe, utakatifu hauambukizi hivyo, kwa iyo usikae tu ukidhani wokovu wako utawarukia kama mafua.

Kwenye kupunguza watu usitangaze. Tafadhali usiweke status ya "nimeamua kukata watu wasio na maono", hiyo ni kiburi imevaa suti. Badilisha saa na mahali tu. Rafiki yangu mmoja wa kubeti sikumwacha, nilimwambia Jumamosi wakianza kujaza mikeka mimi naondoka, tukahamishia stori zetu asubuhi kwenye chai na chapati na mpaka leo tupo. Akiwa ni ndugu katika imani sura ya 18 ya Mathayo inasema umwendee wewe na yeye peke yenu, siyo umuondoe grupu kimya kimya. Ndugu wa damu ndo hukati, na kazini pia huchagui, pale unachagua cha kuitikia tu na cha kunyamazia.

Na usibaki peke yako, wengi wanaangukia hapa, wanatoka barazani alafu wanakaa chumbani na simu, na simu nayo ni baraza tena kubwa. 2 Timotheo 2:22 inasema zikimbie tamaa za ujanani, ila inaendelea pamoja na wale "wamwitao Bwana kwa moyo safi". Danieli alipopewa ule mtihani wa ndoto ya mfalme alirudi nyumbani kuwaambia wenzake watatu waombe. Watatu tu. Tafuta hata wawili, wa jinsia yako, wenye ruhusa ya kukuuliza swali lolote na wewe usinune.

Kingine, ukifika kwa Yonadabu pale 2 Samweli 13, yule rafiki aliyempa Amnoni mpango wa kujifanya mgonjwa ili amnase Tamari, usikimbilie kutafuta nani ni Yonadabu wako. Mimi baada ya kutoka kwenye kale kagrupu dada mmoja wa kwaya aliniambia alikuwa ameshatoka muda mrefu kabla yangu, nikamuuliza nani alimkwaza, akacheka kidogo akasema "wewe".