Namna ya kuukubali ukweli kwamba uchumi hauwezi kukua milele

Kabla ya kubishana na mtu yeyote kuhusu jambo hili, chukua kikokotoo. Gawa 70 kwa asilimia ya ukuaji wa mwaka, nawe utapata idadi ya miaka ambayo kitu huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 2 ni miaka 35, kwa asilimia 3 ni miaka 23 hivi, kwa asilimia 7 ni miaka 10. Sasa zidisha 1.03 kwa yenyewe mara 100: unapata 19. Mara 200 ni karibu 370, na mara 300 inapita 7,000. Bonyeza vitufe mwenyewe, kwa sababu tarakimu za kusoma tu husahaulika kabla ya chakula cha jioni. Asilimia 3 ndiyo inayoitwa ukuaji wa kiasi, usio na papara, na hata huo unadai uchumi mara 19 ya wa leo ndani ya karne moja.

Baada ya hapo jiulize ni kitu gani hasa kinachokua. Chora safu tatu kwenye karatasi: fedha, vitu, ustawi. Pato la taifa linaingia safu ya kwanza. Tani za mawe, madini, mbao, mazao na mafuta zinaingia ya pili, na afya, elimu na utulivu wa watu zinaingia ya tatu. Kila habari ya uchumi unayosikia, iweke kwenye safu yake. Mabishano mengi huharibika hapa, mmoja akizungumzia fedha na mwenzake tani. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu za pato la taifa la Marekani, alitahadharisha tangu 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa moja kwa moja kutoka kwenye pato lake. Safu ya vitu ndiyo yenye ukuta: mwaka 1970 dunia ilichimba na kuvuna takriban tani bilioni 30, na sasa inapita bilioni 90.

Pima hoja ya ufanisi

Utaambiwa kwamba teknolojia itatuwezesha kupata zaidi kwa kutumia kidogo. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo ipime badala ya kuidharau. Uchumi ukikua asilimia 3, na vitu vinavyohitajika kuzalisha thamani ileile vikipungua asilimia 1.5 kila mwaka, matumizi ya vitu bado yanapanda kwa asilimia 1.5 hivi, yaani maradufu kila miaka 47. Ili yasipande kabisa, ufanisi lazima uboreke asilimia 3 kila mwaka bila kukoma. Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona mwaka 1865 kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kidogo hazikupunguza matumizi ya makaa, kwani kazi ya mvuke ilizidi kuwa nafuu na watu wakaongeza injini. Hata hivyo, Uingereza imepunguza hewa ukaa inayotolewa ndani ya mipaka yake kwa takriban nusu tangu 1990 huku uchumi wake ukikua. Ukipewa mfano kama huo, uliza kama bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zimehesabiwa.

Usitafute ukuta mahali pamoja tu

Wengi hufikiria madini kuisha, na huo ndio ukomo usiosumbua sana, maana kitu kinapoadimika bei hupanda na watu hutafuta mbadala. Vitu vinavyojizalisha vyenyewe, kama samaki, viko hatarini zaidi. Katika pwani ya Newfoundland, kisiwa cha Kanada, uvuvi wa chewa wa Atlantiki ulifikia kilele mwaka 1968 kwa karibu tani 800,000. Mwaka 1992 Kanada ikaufunga. Meli kubwa na vyombo vya kutafutia samaki viliendelea kuleta mavuno mazuri hata samaki walipokuwa wakipungua, kwa sababu waliosalia walikusanyika na kuwa rahisi kunaswa. Mizani ya bandarini haikuonyesha kilichokuwa kikitokea baharini.

Ukomo mwingine ni wa mahali pa kutupia taka. Hewa ukaa angani ilikuwa sehemu 315 hivi kwa milioni mwaka 1958. Sasa imevuka 420. Hapo soko halitoi ishara yoyote mpaka mtu aweke bei kwa makusudi.

Achana na tarehe

Mwaka 1980 mwanabiolojia Paul Ehrlich, aliyehofia kwamba rasilimali zitaadimika, aliweka dau na mchumi Julian Simon kwamba bei za metali tano zingepanda katika miaka kumi. Zilishuka, na Ehrlich akamtumia mwenzake hundi ya dola 576.07. Hesabu ya maradufu haikuguswa na dau lile; kilichoanguka ni utabiri wa bei. Ukitaja mwaka wa mwisho, ukipita salama utakuwa umewapa watu sababu ya kutupa hoja yote.

Hofu ikija, nayo huja, usiuze mali, usiache kazi wala usihame kwa wiki nne za kwanza. Uamuzi wa haraka hapa huwa ama kulimbikiza vitu, ama kukata tamaa na kuacha kupanga chochote. Usiugeuze ukweli huu kuwa fimbo ya kuwachapa maskini pia: aliye na kidogo ana haki ya kuongezewa, na hilo linazidi kubana mgawo wa aliye na vingi.

Rudi kwenye mambo yako. Andika kila ahadi inayotegemea kipato kupanda: mkopo, nyumba, pensheni. Tengeneza bajeti ya miaka 10 ambayo kipato halisi, baada ya kutoa mfumuko wa bei, hakipandi hata kidogo. Ikivunjika, punguza kwanza mkopo wenye riba kubwa; deni la asilimia 14 lisilolipwa huongezeka maradufu kwa miaka 5 hivi. Kisha uliza mfuko wako wa pensheni umekadiria faida ya asilimia ngapi. Anayeweka 100 kila mwezi kwa miaka 30 hupata takriban 83,000 kwa faida halisi ya asilimia 5, lakini 42,000 kwa asilimia 1, na 36,000 pasipo faida. Panga uzee wako kwa tarakimu ya katikati, yaani 42,000, na kama haitoshi, ongeza mchango sasa au sogeza mbele umri wa kustaafu.