Akaunti imefungwa au mshahara umekatwa kwa deni: ufanye nini Uganda

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, ijue karatasi iliyofunga pesa yako. Hapa Uganda pesa ya mdaiwa huzuiwa kwa njia nne: amri ya mahakama kwa benki, amri ya mahakama kwa mwajiri, notisi ya mamlaka ya kodi, URA, na benki au mkopeshaji anayejikatia mwenyewe kwa sababu ulimruhusu ulipotia saini mkataba. Kila njia ina mlango wake wa kubisha. Watu wengi hupoteza wiki nzima wakimlilia meneja wa tawi, na meneja hana uwezo wa kuondoa amri ya hakimu hata akikuonea huruma.

Kwa hiyo nenda benki au kwa mhasibu wa kazini uombe nakala. Andika mambo matano: nani ameitoa (mahakama gani, au URA), nambari ya kesi, tarehe, kiasi kinachodaiwa, na wakili aliyeileta. Kama karatasi ya benki ina neno Garnishee juu yake, hiyo ndiyo amri ya ganishii: mahakama inakamata deni ambalo wewe unamdai mtu wa tatu. Kisheria pesa yako iliyo benki ni deni ambalo benki inadaiwa nawe, na ndiyo sababu mdai wako anaweza kuifuata huko.

Hukumu hutangulia

Duka, SACCO, mkopeshaji au jirani hawezi kugusa akaunti wala mshahara wako kwa barua tu, hata barua hiyo ikiwa na mhuri wa wakili. Lazima kwanza ashinde kesi. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo. Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza hadi milioni 20, Hakimu Mkuu hadi milioni 50, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Hapa ndipo wengi hupotelea, miezi kabla akaunti haijafungwa. Wito wa kesi ya kawaida hukupa siku 15 za kuleta utetezi. Wito wa kesi ya haraka chini ya Order 36, yaani sehemu ya 36 ya kanuni za kesi za madai, ambayo wakopeshaji huipenda sana, hukupa siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea. Ukikaa kimya, hukumu inatolewa bila wewe. Karatasi zote ziko kwa Kiingereza, na mtu wa Koboko au Bombo anayesoma Kiswahili peke yake huiweka kabatini akingoja mtoto arudi kutoka shuleni amsomee. Siku 10 hazingoji. Isitoshe, mdai akimwambia hakimu kwamba hupatikani, mahakama inaweza kuruhusu wito utangazwe gazetini au ubandikwe mahali, na hapo unaweza kusikia habari za kesi siku kadi inapokataa kutoa pesa.

Amri ya nisi, na zile siku saba

Utaratibu uko kwenye Order 23 ya kanuni za kesi za madai. Mwenye hukumu hupeleka ombi pamoja na kiapo kinachosema kwamba hukumu haijalipwa na kwamba benki fulani ina pesa zako. Ombi hilo husikilizwa bila wewe kuitwa. Ni makusudi: ungeitwa kwanza, ungezitoa. Mahakama ikikubali inatoa amri ya nisi, yaani amri ya muda, inayoiambia benki izuie pesa na ije kueleza kwa nini isimlipe mdai.

Amri hiyo lazima ifikishwe benki angalau siku 7 kabla ya tarehe ya kusikilizwa, na wewe pia upewe nakala isipokuwa mahakama imesema vinginevyo. Tangu benki inapoipokea, pesa iliyomo imefungwa. Siku ya kesi benki isipobisha, nisi inakuwa amri kamili, benki inamlipa mdai, na hapo huna tena haki ya kuidai benki kiasi hicho. Benki ikipuuza amri, inaweza kukaziwa hukumu hiyo yenyewe kwa mali yake. Ndiyo maana benki hufunga kwanza na kuuliza baadaye.

Basi nafasi yako kubwa ni kati ya nisi na amri kamili. Baada ya hapo pesa imeshaondoka, na kuirudisha ni kesi nyingine ndefu.

Angalia kwanza kama kilichofungwa ndicho kilichoamriwa. Tuseme amri inataja shilingi 4,200,000 na akaunti ina 6,000,000, lakini benki imefunga zote. Andika barua kwa idara ya sheria ya benki, ambayo mara nyingi iko makao makuu Kampala wala si kwenye tawi lako, ukiomba 1,800,000 zilizozidi ziachiliwe. Ambatisha nakala ya amri, na nakala yako ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Pia amri hukamata deni lililopo au linaloiva pale inapofikishwa. Pesa iliyoingia wiki mbili baadaye kwa kawaida haimo, ingawa mfumo wa benki unaweza kuiziba vilevile usipolalamika. Akaunti iliyo chini ya sifuri kwa overdrafti haina cha kukamatwa, kwa sababu hapo wewe ndiye unayedaiwa na benki.

Akaunti ya pamoja ni jambo zito. Pesa ile inadaiwa na watu wawili, na deni ni la mmoja. Mwenzako, awe mke, mume au mshirika wa biashara, aende mahakamani aseme hivyo kwa kiapo, akiwa na taarifa ya akaunti inayoonyesha nani aliweka nini. Ni hivyo pia kwa pesa ya kikundi au ya mteja iliyokaa katika akaunti yenye jina lako: mahakama haitajua ni ya nani mpaka mwenyewe ajitokeze.

Unachoweza kuomba hutegemea ukweli wako. Kama hukupewa wito kabisa, omba hukumu iliyotolewa bila wewe iondolewe, chini ya Order 9 kanuni ya 27 kwa kesi ya kawaida, au Order 36 kanuni ya 11 kwa ile ya haraka, na katika karatasi hizohizo omba utekelezaji usimame. Onyesha pia una utetezi gani. "Sikujua" peke yake haitoshi. Kama ulikwisha kulipa sehemu, leta risiti. Kama deni ni la kweli na huna uwezo wa kulipa kwa mkupuo, omba kulipa kwa awamu. Mahakama inaweza kukubali hata mdai akikataa, ukionyesha sababu ya kutosha: hati ya mshahara, kodi ya nyumba, ada za shule, na kiasi cha kuanzia ulichonacho mkononi siku hiyo. Anayekuja na laki tano za kwanza husikilizwa kuliko anayekuja na ahadi.

Ombi huambatana na kiapo cha maandishi kinachoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Kama husomi Kiingereza, lazima usomewe na kufafanuliwa kwa lugha unayoielewa, na jambo hilo liandikwe mwishoni pamoja na jina la aliyekusomea. Likikosekana, wakili wa upande wa pili atapinga kiapo chote. Ada ya mahakama hukadiriwa masijala na hulipwa kwa namba ya malipo ya URA. Usimpe karani pesa mkononi; risiti ya namba hiyo ndiyo ushahidi kwamba ombi lako lipo.

Mshahara

Ganishii ya benki hukamata mara moja kilichopo. Mshahara ambao hujaufanyia kazi bado si deni, kwa hiyo mdai hutumia njia nyingine, Order 22, inayomwamuru mwajiri akate kila kipindi na kupeleka mahakamani mpaka hukumu iishe.

Sheria ya ajira ya 2006 imeweka kikomo: kinachokamatwa kisizidi theluthi mbili ya malipo yote ya kipindi hicho. Kwa mshahara wa 900,000 ni 600,000 zinazoweza kuondoka na 300,000 zinazobaki. Hicho ni kikomo cha juu. Hakuna aliyesema lazima kifikiwe, na hapa watu hukosa kwa kunyamaza. Hakimu asipoambiwa una watoto wangapi na unalipa kodi ya nyumba kiasi gani, ataandika anachoombwa na mdai. Peleka hesabu ya mwezi mzima kwenye karatasi moja na upendekeze kiasi unachoweza.

Ujira wa vibarua na watumishi wa nyumbani umelindwa na sheria ya kesi za madai usikamatwe kabisa. Sheria hiyohiyo inalinda nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za fundi, hivyo dalali wa mahakama akija kubeba cherehani ya mshonaji, mkatalie kwa upole na umwombe aonyeshe hati yake. Mafao ya NSSF nayo hayakamatwi yakiwa bado kwenye mfuko.

Mwajiri hakati kwa barua ya mkopeshaji. Anakata kwa sheria, kwa amri ya mahakama, au kwa idhini yako ya maandishi. Tafuta idhini hiyo kwenye fomu za mkopo ulizotia saini, kwa sababu mara nyingi imo na umeisahau.

Kuna shimo moja la kulijua. Kile kikomo cha theluthi mbili kinahusu malipo yakiwa bado kwa mwajiri. Mshahara ukishaingia benki, usitegemee utaachiwa theluthi yake wenyewe; ganishii ya benki inaweza kuuzoa wote. Ukiona kesi inakaribia hukumu, zungumza awamu mapema.

Kuacha kazi ili kuikwepa amri hakusaidii. Mdai anaweza kuomba upelekwe gerezani kama mfungwa wa deni, hadi miezi sita, na kutoka gerezani hakufuti deni. Ukipewa notisi ya kuja kueleza kwa nini usifungwe, nenda. Asiyekwenda hutolewa hati ya kukamatwa.

URA, benki yako, na wakopeshaji

URA haihitaji hukumu. Kodi ikishathibitika na haijalipwa, inaandikia benki, mwajiri au mteja wako notisi ya kukulipia. Kwa mshahara haiwezi kuchukua zaidi ya asilimia 20 ya kila malipo baada ya kodi ya mapato. Akaunti ya pamoja inaguswa tu kama wenye akaunti wote wanadaiwa kodi, au kama wewe unaweza kutoa pesa bila saini ya mwenzako, na akaunti ya ushirika wa biashara haimo katika hilo la pili. Mlango wa kubisha ni ofisi ya URA: omba mpango wa awamu, na notisi itaondolewa na URA yenyewe. Pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi lina siku 45 tangu ulipopata uamuzi.

Benki iliyokukopesha inaweza kufidia mkopo wake kutoka akaunti yako nyingine ya benki hiyohiyo. Mkopo wa simu nao hukatwa pesa inapoingia, kwa masharti uliyoyakubali. Hapo hakuna hakimu wa kumwendea kwanza. Soma mkataba, kisha andika barua.

Wakopeshaji binafsi wanasimamiwa na UMRA, mamlaka ya kusimamia taasisi ndogo za fedha. Riba yao iliwekewa kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi mwaka 2024. Hawaruhusiwi kushika kadi yako ya ATM wala kitambulisho cha taifa kama dhamana. Anayekata mshahara wako kwa kwenda na kadi yako ATM kila mwisho wa mwezi anavunja sheria. Omba benki kadi mpya na namba ya siri mpya, kisha mripoti UMRA.

Madeni yakiwa mengi, na kulipa kunavyoharibika

Wadai wakiwa watano na kila mmoja ana hukumu, sheria ya ufilisi ya 2011 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi ya siku 14 ili upange mapatano nao wote kupitia msimamizi wa ufilisi aliyesajiliwa. Kwa msaada wa bure wa sheria, kuna Justice Centres Uganda, FIDA Uganda kwa wanawake, na kliniki ya Law Development Centre. Nenda na nakala za karatasi zote, hata zile usizozielewa.

Kosa linaloumiza zaidi ni kumlipa mdai mkononi. Malipo ya nje ambayo hayakuandikishwa mahakamani hayahesabiwi, na mtu hujikuta anadaiwa upya kile alichokwisha kutoa. Lipa kwa benki, pata risiti yenye nambari ya kesi, na mkubaliane kwa maandishi yatakayowekwa kwenye faili. Fanya haraka, kwa sababu hata hukumu isiyotaja riba huendelea kuzaa asilimia 6 kwa mwaka.

Deni likiisha, barua ya mdai peke yake haifungui akaunti. Mahakama ndiyo inayotoa amri ya kuondoa zuio. Chukua nakala yenye mhuri, uipeleke mwenyewe kwa idara ya sheria ya benki, na kwa mwajiri peleka nyingine ili makato ya mwezi ujao yasitokee. Omba pia faili liandikwe kwamba hukumu imelipwa yote. Hukumu inaweza kukaziwa hadi miaka 12, kwa hiyo risiti hizo zitunze muda wote huo.