Somo: Unahisi mgonjwa wako kafanyiwa uzembe hospitali? Anza na karatasi

Wakuu, habari za leo. Naandika kwa kufuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria na mabaraza yao, kwa hiyo wa Unguja na Pemba mtaniwia radhi.

Mnaokumbuka Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili: mgonjwa wa goti alipasuliwa kichwa na wa kichwa akapasuliwa mguu, kisa majina ya kwanza yalifanana. Pale hata mtoto anaona kosa. Lakini kesi nyingi haziko wazi hivyo, na watu huzipoteza wiki ya kwanza tu, wakati wanagombana na manesi koridoni badala ya kukusanya karatasi.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli ni uzembe. Mgonjwa kufariki au kubaki na kilema hakutoshi. Lazima uonyeshe kwamba daktari au muuguzi alikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba alifanya chini ya kile ambacho mwenzake wa kawaida mwenye ujuzi uleule angefanya, kwamba kuna madhara, na kwamba madhara yametokana na kosa hilo. Hili la mwisho ndilo linaloangusha wengi, maana hospitali itasema ugonjwa wenyewe ndio ulioua.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua mtoto aliyechoka, yaani aliyezaliwa bila kupumua vizuri. Wodi ya wazazi kuna karatasi inaitwa patografu. Mapigo ya moyo ya mtoto huandikwa humo kila nusu saa, nukta moja baada ya nyingine. Ukikuta nukta zimekoma saa 6 usiku zikaanza tena saa 11 alfajiri, hapo pana swali ambalo mtu lazima alijibu. Hakuna kelele ya ndugu itakayofikia uzito wa lile pengo.

Hatua ya 2: Andika siku hiyohiyo. Daftari la shule linatosha. Usiandike "walitudharau sana". Andika: "Jumanne, saa 3 usiku, nilimwambia nesi wa zamu kuwa mgonjwa anatokwa damu. Alisema nisubiri daktari. Daktari alifika saa 8 usiku. Kitanda cha jirani alikuwepo mama fulani, namba yake hii." Tunza risiti, vikasha vya dawa na karatasi ya kuruhusiwa.

Hatua ya 3: Omba nakala za faili. Mwandikie barua mganga mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Taja unachotaka: maelezo ya daktari, chati ya dawa, majibu ya maabara, fomu ya ridhaa, ripoti ya upasuaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, na za afya zimo. Wakikataa, waombe wakatae kwa maandishi.

Hatua ya 4: Lalamika panapohusika. Uongozi wa hospitali kwanza, kisha mganga mkuu wa wilaya. Daktari anashtakiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya yanaweza kumfutia mtu usajili, ila hayakulipi fidia hata senti.

Hatua ya 5: Mahakamani. Fidia inadaiwa huku, na muda wa kufungua kesi ni miaka 3. Hospitali binafsi unaishtaki yenyewe kama mwajiri. Hospitali ya serikali, ikiwemo ya halmashauri, inatakiwa notisi (taarifa kwamba unakusudia kushtaki) ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali naye aunganishwe kwenye kesi, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Notisi ikikosewa, kesi inatupwa kabla hata neno uzembe halijatajwa. Hapo tafuta wakili, usijaribu mwenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, nilisaini fomu kabla ya mke wangu kupasuliwa. Si nimeshajifunga?*
Hapana. Ulikubali upasuaji na hatari zake za kawaida. Hukukubali pamba iachwe tumboni.

*Baba alifariki na tumeshazika. Tumechelewa?*
Kufukua kaburi hakufanyiki bila kibali cha kisheria, na kwa familia nyingi ni jambo zito. Uchunguzi wa maiti ungesaidia sana, najua wengine dini inawahimiza kuzika upesi. Lakini faili likisomwa na daktari bingwa wa nje ya hospitali ile linaweza kutosha. Anzeni na kikao cha ukoo mpate muhtasari, mmoja wenu akaombe usimamizi wa mirathi. Bila huyo hakuna wa kudai kwa niaba ya marehemu.

*Imepita miaka minne, ndugu yangu.*
Upo mlango mdogo: waziri wa sheria anaweza kuongeza hadi nusu ya muda, yaani mwaka mmoja na nusu kwa madai haya. Andika sasa hivi, na ueleze kwa nini ulichelewa. Kama aliyeumia ni mtoto, kwake muda unaanza kuhesabiwa akifika miaka 18.

*Dada yangu hana hela ya wakili.*
Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Aende LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake), na abebe lile daftari.

*Hospitali wanasema faili limepotea. Tufanyeje?*
Mwombe anayesema hivyo aandike, asaini, agonge muhuri. Kalamu ikishatolewa, mafaili mengi huonekana. Lisipoonekana, nenda maabara, famasi na chumba cha upasuaji: kila sehemu ina rejesta yake, na jina la mgonjwa wako lazima liko humo.