Kabla Hujajitoa Auti ya Kahawa Dar: Mambo ya Kuzingatia

Siku ya kahawa ya peke yako huharibikia kwenye mpango. Mtu anaorodhesha kafe saba, moja Posta, mbili Masaki, moja Mlimani City, nyingine kaiona Instagram ipo Mbezi Beach, halafu anaamini siku moja itazitosha zote. Haitazitosha. Nusu ya siku itaishia kwenye foleni, na jioni utakuta nauli imekula pesa kuliko kahawa yenyewe. Chagua upande mmoja wa jiji na vituo vitatu. Cha nne kiwe cha akiba, ukikuta kimojawapo kimefungwa.

Pande zenyewe, kwa hesabu yangu, ni tatu: mjini, kuanzia Kariakoo hadi Kivukoni; Oysterbay, Masaki na Msasani; na kule Mikocheni, Mwenge hadi Mlimani City. Majina ya kafe sitaji, na nimefanya makusudi. Kafe za Dar huhama, hubadilisha wenyewe, nyingine hufungwa bila hata kibao mlangoni. Jina ulilolipata kwenye ramani ya simu lipigie asubuhi hiyo hiyo kabla ya kutoka. Picha nzuri ya mwaka juzi haikuhakikishii kwamba leo wamefungua.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na mjini. Ndipo penye kahawa za aina zote ndani ya mwendo wa miguu: kijiwe chenye birika juu ya mkaa, hoteli ya chai ya kizamani, na kafe yenye mashine na kiyoyozi. Usafiri nao hausumbui, maana mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni unakushusha Kisutu au Posta ya Zamani, na ukimaliza unarudi njia ile ile. Kati ya kikombe na kikombe unapata pa kutembelea bila kulipa bajaji: Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu yanatazamana na bandari, na Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea yenye kivuli cha kweli.

Masaki na Oysterbay kuna kafe nyingi nzuri, lakini usijidanganye kwamba utatembea kwa miguu mchana kutwa. Umbali kati ya sehemu na sehemu ni mrefu kuliko unavyoonekana kwenye ramani, na jua halina huruma. Panga pesa ya bajaji. Ukitembea Toure Drive au barabara nyingine iliyo kimya, begi likae bega la upande wa ukuta, na simu isiwe mkononi. Wanaokwapua kwa pikipiki au gari hawasimami kukuomba radhi. Faida ya upande huu ni jioni, kwa sababu Coco Beach ipo karibu, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili hukata ladha ya maziwa iliyobaki mdomoni.

Mikocheni na Mwenge ni kwa anayetaka kukaa muda mrefu na kitabu au kompyuta. Ukichoka kukaa, kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, kuna wachongaji wa Mwenge, na Kijiji cha Makumbusho kipo Barabara ya Bagamoyo. Foleni ya barabara hiyo jioni unaijua.

Siku nayo ichaguliwe. Mjini Jumapili pametulia, raha ya kutembea, ila maduka mengi yamefungwa na baadhi ya kafe zinazotegemea watu wa ofisini hazifungui kabisa. Ijumaa adhuhuri vijiwe vingi hupungua watu, na muuza kahawa naye huenda amekwenda kuswali. Mwezi wa Ramadhani mpango wote ugeuzwe: mchana vijiwe vingi vimelala, lakini baada ya tarawehe Kariakoo na Magomeni huamka, na kahawa ya usiku huo ina ladha yake. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, barabara hufungwa na mwendokasi husimama, nawe utajikuta upande usio wa kwako.

Kuhusu saa, toka mapema. Kahawa ya kijiwe ni ya asubuhi na ya jioni. Saa saba mchana ukienda kuitafuta utakuta benchi tupu. Kwa hiyo kijiwe kiwe cha kwanza, saa moja au mbili. Kafe yenye kiyoyozi iwekee mchana, hasa kuanzia Desemba hadi Machi ambapo joto la Dar linakaa mwilini. Cha tatu kiwe cha alasiri, mahali penye upepo.

Sasa tumbo. Usiende na tumbo tupu ukitegemea utakula keki. Pata supu na chapati, au maharage, au mihogo ya nazi, ndipo uanze. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imeweka kiwango cha miligramu 400 za kafeini kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Espreso moja ina kama 60 na kitu. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja kinaweza kufika 100 au zaidi. Kapuchino tatu, kila moja ikiwa na espreso mbili, tayari zimekaribia kikomo. Aina ya mbegu pia ina neno lake: Robusta, inayolimwa zaidi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya Arabika. Kile kikombe kidogo cha kijiweni sijui kina kiasi gani, lakini kimechemka muda mrefu na ni kizito, usikidharau kwa udogo. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu mwilini, hivyo kikombe cha saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado ipo nawe kitandani. Mwenye presha au vidonda vya tumbo amuulize daktari wake kwanza, na anayetumia vidonge vya kuongeza damu asivimeze na kahawa, kwa maana kahawa huzuia madini ya chuma kufyonzwa vizuri.

Maji beba. Jasho la Dar na kahawa tatu ni njia fupi ya kuumwa kichwa, na chupa ya maji kwenye kafe za Masaki ina bei ya kushangaza. Dafu la barabarani linafaa pia.

Pesa zigawanye mara mbili. Kijiweni nenda na sarafu, za mia, mia mbili na mia tano. Kumpa muuza kahawa noti ya elfu kumi asubuhi ni kumfanya azunguke mtaa mzima kutafuta chenji, na heshima yako itakuwa imeanza vibaya. Kwenye kafe lipa namba ipo karibu kila mahali, kadi mara nyingi inakubalika, lakini mtandao ukigoma bili haisubiri, kwa hiyo noti kidogo ziwepo. Soma chini ya menyu. Kuna wanaoandika bei kabla ya VAT, na asilimia 18 ukiikuta kwenye bili ya vikombe viwili na kipande cha keki utaihisi. Kikombe kimoja cha kapuchino Masaki kinaweza kunywesha kijiwe kizima cha kule Gerezani, Kariakoo. Sisemi hivyo kumlaumu yeyote, mashine na kodi ya jengo si bure. Nasema ili ujue unalipia nini. Nusu yake ni kiti.

Simu iwe na chaji na bando, na pawabanki begini. Waifai ya bure ipo lakini usiijengee ratiba, na soketi iliyo karibu na meza huwa imeshakaliwa. Umeme ukikatika na jenereta likiwa bovu, mashine ya espreso ni pambo tu. Birika la mkaa halina habari na hayo.

Linalowatisha wengi si pesa wala jua, ni kukaa peke yao. Mhudumu atakuuliza, "Unamsubiri mwenzako?" Jibu hapana, niko mwenyewe, basi, hakuna anayeandika. Kaa meza ndogo ya watu wawili, usikalie ya wanne saa saba mchana wakati watu wa ofisini wanatafuta nafasi. Ukikaa muda mrefu na kompyuta, agiza kitu kingine kila baada ya saa moja au moja na nusu. Vaa kiatu cha kutembelea na nguo isiyokubana.

Kijiweni mambo ni mengine, na hapo ndipo maandalizi yanahitajika kweli. Salimia kwanza, kila mtu kwa daraja lake: wazee shikamoo, rika lako mambo au habari za asubuhi. Usikimbilie kona yenye mto wa kukalia au gazeti lililokunjwa, mahali hapo pana mwenyewe. Agiza kwa kifupi, "Kaka, nipatie kahawa," na kama anayo ya tangawizi useme unataka ipi. Kahawa chungu hunywewa bila sukari. Utamu uko kwenye kashata, ya karanga au ya nazi. Unachukua mwenyewe kwenye sahani, na mwisho unataja umekula ngapi. Hesabu hiyo ni ya mlaji, na muuzaji anakuamini, kwa hiyo usiipoteze. Vikombe huoshwa kwenye ndoo moja. Kama roho yako haikubali, beba kikombe chako kidogo na umpe bila kutoa maelezo. Nimeona watu wakifanya hivyo na hakuna aliyekasirika.

Mazungumzo yatakufuata hata kama umekuja kunyamaza. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, kwa hiyo ubishi utakaoukuta hapo ni mkubwa kwa umri kuliko taifa lenyewe. Huna haja ya kuumaliza leo. Ukiulizwa timu yako, taja. Kusema huna timu huleta maswali mengi zaidi. Picha omba kwanza, na ukikataliwa weka simu mfukoni.

Dada anayekwenda peke yake ajue kwamba vijiwe vingi ni vya wanaume. Hakuna sheria inayomzuia, na wazee wengi watampisha kwenye benchi kwa heshima, lakini macho yatakuwepo. Ningemshauri achague kijiwe kilicho karibu na soko au kituo, penye mama ntilie na wanawake wengine wanaofanya biashara, aende asubuhi, na amtumie dada yake au rafiki mahali alipo. Hilo la kutuma mahali ulipo linamhusu kaka pia.

Jiandae na maswali mawili ya kumuuliza barista, yule anayetengeneza kahawa kwenye kafe, maana wengi wao wanapenda kuulizwa na ni wachache wanaowauliza. Kahawa hii imetoka wapi, na imekaangwa lini? Jibu la kwanza likiwa "ni ya Tanzania" tu, endelea kuuliza: ya Kilimanjaro, ya Mbozi, ya Mbinga au ya Kigoma? Sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje, kwa hiyo kafe inayoweza kukutajia mkoa au wilaya imejisumbua. Usibabaishwe na herufi AA kwenye pakiti. Zinaeleza ukubwa wa punje, hazikuhakikishii ladha. Na kwenye hoteli za kawaida za mjini, ukisema kahawa unaweza kuletewa maji ya moto na kopo la Africafé, kahawa ya unga ya kukoroga. Haina ubaya, mimi naipenda na maziwa, ila kama ulitaka ya kuchemshwa au ya mashine, sema kabla.

Ukitaka kurudi na kahawa nyumbani, inunue kituo cha mwisho, si cha kwanza, isije ikashinda na jua begini. Chukua robo kilo, si kilo. Kama una kinu au mashine ya kusagia, nunua ya punje; kama huna, mweleze muuzaji utaipikaje, maana ya sufuria na ya mashine hazisagwi sawa. Tarehe ya kukaangwa iwe ya wiki chache zilizopita. Ukifika, itie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, kabatini mbali na jiko. Unyevu wa Dar ukiingia, kahawa hupoteza harufu upesi, na friji haisaidii, inaipa tu harufu ya samaki wa jana.