Mwezi mmoja bila kilevi, na si Ramadhani

Mnywaji wa Unguja akikwambia hawezi kukaa hata siku kumi bila pombe, muulize Ramadhani alikunywa nini. Maji na chai ya tangawizi, kama wenzake. Siku 29 au 30, na hakuna aliyemwandikia dawa. Halafu Idi mosi jioni utamkuta palepale. Kabla yake, mwisho wa Shaabani, tunavunja jungu, na watu wazima wenye akili zao wanakunywa ya mwezi mzima kwa siku mbili, utadhani tumbo lina ghala.

Mimi nasimama kaunta ya baa kwenye hoteli moja ya Paje, kwetu Jang'ombe. Kumimina ndiyo kazi yangu, na kunywa nimekunywa. Fatwa sitoi. Hukumu yake kila Muislamu anaijua tangu chuoni, na wenzangu Wakristo wanayo Kwaresima yao. Ninachotaka kueleza ni namna ya kusimama kunywa katika mwezi wa kawaida, tuseme Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, ambao hakuna anayekutazama. Ramadhani mji mzima unakushika mkono. Mfunguo Pili uko peke yako, na ndipo unapoijua hali yako.

Kwanza kabisa, jiangalie asubuhi. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika? Lazima upate funda moja ndiyo uweze kwenda kazini? Siku za mwanzo za Ramadhani ulitapika na kurowa jasho? Kama ni hivyo, usikate ghafla. Mwili uliozoea kilevi kila siku ukinyimwa kwa mara moja huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kumpiga mtu baina ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho, na kuanzia siku ya pili mpaka ya nne wengine huweweseka, huona watu wasiokuwepo, moyo ukaenda mbio na homa ikapanda. Hali hiyo inaua. Kwetu akifika hapo tunasema kapandwa na shetani, anatafutwa mganga. Kusomewa ni kuzuri, asomewe, lakini asomewe akiwa ndani ya gari kuelekea hospitali ya Mnazi Mmoja au ile ya wagonjwa wa akili, Kidongo Chekundu. Hospitali wanazo dawa za kuutuliza mwili huo hatua kwa hatua, na vitamini B1 ambayo walevi wengi inawapungua. Wewe usijinunulie vidonge vya usingizi dukani. Vikikutana na pombe tumboni vinaweza kuzima pumzi.

Kama hayo hayakuhusu, endelea. Chagua tarehe. Watu wa hoteli wanapenda kusema wataanza masika, Aprili au Mei, hoteli zikifungwa. Mimi sikubaliani. Masika mtu yuko nyumbani, mvua inanyesha, hana la kufanya, na dawa ya kukaa bure anaijua. Disemba nayo wageni wanapanga foleni na bakshishi inamiminika. Juni ni nzuri, au Oktoba: kazi ipo, wazimu haupo.

Wiki moja kabla ya tarehe hiyo usipunguze kitu. Pima tu. Hii ni hesabu ya kaunta: chukua mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, zidisha tena kwa 0.8, upate gramu za kilevi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo robo lita yake ni gramu 70. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 mpaka 10 kwa saa, halina haraka na halihongeki. Aliyezimaliza bia nne kubwa kwa haraka saa sita za usiku ana gramu 80 hivi. Zitakwisha baina ya saa mbili na saa tano na nusu asubuhi. Sasa mfikirie dereva anayechukua wageni uwanja wa ndege saa moja. Amelala, ameoga, amekunywa kahawa tungu na ndimu, na kilevi bado kimo mwilini. Kahawa inamfumbua macho tu, gramu haipunguzi hata moja. Tembo silo la kuhesabu kabisa, maana linaendelea kuchacha tangu mgema akiliteremsha. La asubuhi tamu, la jioni jengine. Na gongo hakuna ajuaye kilichomo, wala mpishi wake.

Andika namba zako kwenye simu, na pembeni andika saa na ulikuwa na nani. Wengi wataona kitu kimoja: chupa zimekusanyika kwenye saa mbili tatu zilezile na watu walewale. Hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Tazama Ramadhani inavyofanya. Jua likizama kuna futari, kisha Isha na tarawehe, kisha baraza, kisha daku. Ile saa ambayo koo hukumbuka imeshajazwa. Mwezi wa kawaida inabaki tupu, na mtu anadhani tatizo ni udhaifu wake kumbe ni njaa na nafasi. Kwa hiyo kula mapema. Bakuli la urojo saa kumi na moja jioni limewaokoa wengi, tumbo likijaa ile hamu hupungua. Halafu uwe na pahala pa kwenda. Mpira Maisara, bao, dhumna, kahawa Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe wanakobishana siasa mpaka usiku (kikombe kimoja kinatosha, la sivyo utakesha). Badilisha njia ya kurudi nyumbani, hata kama ni ndefu. Na pesa ya bakshishi isilale mfukoni: ingia upatu mwezi huo, deni la watu halina huruma.

Kinachotutia taabu zaidi sisi ni kificho. Mtu anatafuna karafuu njia nzima, akifika nyumbani anapita ubavu ubavu. Mkewe anajua, mama yake anajua, jirani anajua, na halisemwi. Sasa utatangazaje kuacha jambo ambalo hukuwahi kukiri? Hulazimiki. Mwambie mkeo, "Mama fulani, mwezi huu jioni nitakuwa narudi mapema." Ataelewa. Wangu alinijibu, "Haya, upitie boflo." Basi, kazi imeshapata msimamizi, na kila jioni unasubiriwa na mkate.

Kwa wenzako wa meza, visingizio vya dozi havifai. Dozi ya siku saba inakwisha siku ya saba na wanahesabu. Sema, "Yakhe, mwezi huu nimesimama," kisha badilisha mazungumzo. Chagua mmoja ambaye umemwamini umwambie ukweli wote, umpigie ukizidiwa. Ukiwa kazini kama mimi, jitengenezee glasi ya maji ya soda, ndimu na nanaa, uishike mkononi. Mwenye glasi haulizwi. Mgeni akitaka kukununulia, mshukuru, umwelekeze kwenye sanduku la bakshishi.

Wiki ya kwanza utalala vibaya na utakuwa na hasira za bure, waonye watoto. Pombe humlaza mtu haraka kisha humvunjia usingizi nusu ya pili ya usiku, na ubongo unahitaji siku kadhaa kujirekebisha. Utatamani tamu: halua, kashata, juisi ya miwa. Kula, ila mwenye sukari ajichunge. Usihamie kwenye mirungi wala bangi, huko ni kuhama chumba tu. Baada ya wiki chache wengi huona presha inashuka, tumbo la asidi linatulia, na mafuta kwenye ini yanaanza kupungua.

Wageni hunihubiria kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na tangu 1988 pombe imo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Nawamiminia, lakini hilo la dawa silikubali.

Mwezi ukiisha usifanye Idi. Ngoja siku tatu, fungua yale maandishi ya wiki ya mwanzo, usome. Wapo watakaoamua kutorudi, na ndilo ningelipenda. Atakayerudi asirudie kipimo cha zamani, mazoea ya mwili yameshapungua na bia mbili zitampiga kama nne. Aweke siku anazokunywa na asizokunywa, asianze na njaa, na funguo za gari au pikipiki azikabidhi kabla ya chupa ya kwanza. Na kama umejaribu tena na tena, kila mara siku ya tano inakushinda, acha kupambana peke yako. Nenda Kidongo Chekundu uombe kuonana na daktari, au muulize mtu aliyepitia nyumba za soba, wanakokaa wanaoacha kulevya, hapa Unguja. Watu wanadhani ni za wa unga peke yao. Waliokwama kwenye pombe nao wanapokewa.