Ng'ombe Mmoja, Nyumba 12

Mimi ndiye mshika daftari wa ng'ombe wetu wa Krismasi hapa Igoma, Mwanza. Tuko nyumba 12: ndugu, majirani, na shemeji zangu wawili wa Ilemela. Michango naanza kukusanya Septemba, kidogo kidogo, kwa sababu ikifika Desemba bei ya mnadani imepanda na ada za Januari zinabisha hodi.

Misungwi mnadani mtume anayejua ng'ombe, si mwenye gari. Baba mdogo hushika kwanza shina la mkia, kisha hupapasa mbavu; asipogusa mafuta, anamwacha. Dume wa Kisukuma wa kilo 250 akiwa hai hutoa kama kilo 120 za nyama na mifupa, yaani kilo 10 kila nyumba. Dai stakabadhi na kibali cha kumsafirisha.

Afike siku moja kabla, alale, apewe maji tu. Mwaka mmoja tulimshusha garini akachinjwa hapohapo: nyama ikatoka nyeusi, kavu, mkaa ukaisha bado ngumu.

Tunachinjia machinjioni, na anayechinja ni Mwislamu, ili kila jirani ale kwa amani. Daktari wa mifugo anapopasua maini, simama uone. Akikuta minyoo, ini linatupwa. Usibembeleze.

Kazi iko kwenye kugawa. Tandika turubai safi, na usimpe huyu paja, yule mbavu. Paja litoke vipande 12, kisha mkono, kidari, mbavu, sarara. Hata nundu, ingawa kila mtu atapata kipande cha vidole viwili. Mzani uje mwisho, kusawazisha. Mafungu yakishatimia, shangazi anatugeuzia mgongo, anatazama ukuta. Mimi nanyoosha kijiti juu ya fungu: "Hili la nani?" Anataja jina, naandika. Tangu tuanze utaratibu huu sijasikia nung'uniko.

Kichwa na makongoro havigawanywi. Ni supu ya wote jioni ileile. Utumbo ni wa walioosha.

Kila mtu aje na beseni lake. Kabla hajaondoka, anatoa kipande kimoja, kizuri, kwenye beseni langu. Mwaka jana lilikwenda kwa jirani aliyefiwa na mumewe Oktoba. Mwanangu alilibeba kichwani, nimelifunika kwa kanga.