Somo: Kuainisha mikataba ya kijeshi kwa utafiti wa vita

Hatua ya 1. Soma vifungu, usiishie kwenye jina. Mkataba unaweza kuitwa wa "urafiki" na ndani yake mna ahadi ya kupigana. Fungua safu tano za 0 na 1 (1 ahadi hiyo ikiwemo, 0 isipokuwemo): kujihami, kushambulia, kutoegemea upande, kutoshambuliana, kushauriana.

Chukua mkataba wa Ujerumani na Austria-Hungaria wa 7 Oktoba 1879. Kifungu cha 1: Urusi ikimvamia mmoja, mwenzake anaingia vitani kwa jeshi lake lote. Kifungu cha 2: mvamizi akiwa dola jingine, mwenzake asimsaidie mvamizi, basi; ila Urusi ikimuunga mkono mvamizi huyo, kifungu cha 1 kinafanya kazi. Andika kujihami 1, kutoegemea 1, kisha safu ya sita ya sharti: "Urusi". Ukiiacha, data yako itadai kwamba Ufaransa peke yake ikiivamia Ujerumani, Austria lazima ipigane. Mkataba hausemi hivyo.

Hatua ya 2. Weka siku, mwezi na mwaka. Hapa ndipo data nyingi huharibika. Uingereza na Wasovieti walitia saini mkataba 12 Julai 1941, baada ya Ujerumani kuwavamia Wasovieti 22 Juni. Ukiweka mwaka tu, mkataba utaonekana umetangulia uvamizi, na matokeo yataonekana sababu. Kwa kila mwaka unaouchunguza, tumia hali ya 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Kwa kanuni hiyo, kwenye mwaka 1941 Ujerumani na Wasovieti wanabaki na 1 ya mkataba wao wa kutoshambuliana wa 1939, na ni sahihi: mkataba ulikuwa hai hadi uvamizi.

Hatua ya 3. Tengeneza jozi za nchi mbilimbili. Wanachama 12 waanzilishi wa NATO wanatoa jozi 66, zote za mkataba mmoja. Kokotoa makosa sanifu (kipimo cha kiasi ambacho makadirio yako yanaweza kuyumba) kwa makundi ya mikataba, la sivyo utajiamini kupita kiasi.

Maswali

*Mkataba wa siri unaanza lini?*
Siku ulipoanza kutumika, si ulipochapishwa. Huo wa 1879 ulitangazwa 1888. Ongeza safu ya siri, maana adui hazuiwi na ahadi asiyoijua.

*Italia, mshirika wa Ujerumani na Austria-Hungaria, ilikataa kupigana 1914. Niandike imevunja ahadi?*
Hapana. Ahadi yake ya kujihami ilihusu washirika waliovamiwa bila kuchokoza, na Austria ndiyo iliyoishambulia Serbia. Kagua kwanza kama sharti limetimia.

*Mazoezi ya pamoja ya majeshi je?*
Bila wajibu ulioandikwa, 0 zote tano. Yaweke kwenye jedwali jingine.